Je, wajua kwa nini kuna watu wanahifadhi historia ya kodi (maandishi ya programu za kompyuta, sio kodi ya serikali) kwenye databesi na sio kwenye mafolda?

Kama unatumia Git, programu inayotunza kila badiliko la kodi yako, ingia kwenye ile folda iliyofichwa ya .git alafu ufungue objects. Utakuta vifolda kibao vyenye majina ya herufi mbili mbili, 3f, a7, e0, na ndani yake mafaili yenye majina marefu hayasomeki. Ndo historia yako hiyo. Kila kitu unachokomiti (unachokirekodi kwenye historia) kinapewa hashi, yaani alama ya utambulisho, ya herufi 40, mbili za mwanzo zinakuwa jina la folda, 38 zilizobaki jina la faili, baadae Git inayakusanya kwenye pakiti ili yasijae. Kiukweli hiyo ni databesi tayari, ila Linus Torvalds alipoanza Git mwaka 2005 aliijenga juu ya mafaili ya kawaida tu.

Sasa Richard Hipp, yule aliyetengeneza SQLite, databesi inayokaa ndani ya faili moja, yeye akaja na Fossil, programu ya kazi ileile ya Git, na tangu 2007 Fossil inahifadhi mpaka kodi yake yenyewe. Humo kila kitu kinakaa ndani ya faili moja la SQLite: kodi, tiketi (ripoti za matatizo), wiki, vyote. Ukitaka bakapu unakopi faili moja basi. Umeme ukikatika katikati ya komiti hupati nusu ya kazi, maana SQLite inaandika yote au haiandiki kabisa.

Ila kwangu mimi utamu wenyewe uko kwenye kuuliza maswali. Komiti ya Git inamjua mzazi wake, watoto haiwajui, kwahiyo ukitaka kujua baada ya komiti fulani kilifuata nini, inabidi Git ianzie kwenye matawi (mistari ya kazi) ya leo irudi nyuma hatua kwa hatua. Fossil ina jedwali linaitwa plink, safu ya pid ni mzazi, cid ni mtoto, unaandika mstari mmoja wa SQL, lugha ya kuulizia databesi, jibu hilo hapo. Na majedwali kama hayo yakiharibika unarun fossil rebuild, yanajengwa upya kutoka kwenye data asili.

Mbona wengi hawafanyi hivyo? Subversion, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, walijaribu mapema. Toleo la 1.0, Februari 2004, lilikuwa linatumia databesi ya Berkeley DB, na shida yake ilikuwa programu ikizimwa ghafla inaacha kufuli zimefungwa, repo nzima (ghala la historia) inaganda mpaka admin aje arun svnadmin recover, tena kuiweka kwenye diski ya mtandao ndo usithubutu. Mwaka huohuo toleo la 1.1 likaleta FSFS, mafaili ya kawaida, na 2005 hiyo ndo ikawa chaguo la kwanza.

Kwahiyo kosa halikuwa databesi kama databesi, ile waliyoichagua haikufaa kazi ile. SQLite ikikuta komiti iliyokatika njiani inajisafisha yenyewe ukiifungua tena, hakuna kumsubiri admin. Ndo maana kwa timu ndogo isiyo na mtu wa kulinda seva, mimi nachagua Fossil bila kusita.