Wati za kwenye paneli ya sola: ni kasi, si kiasi

"Paneli hii inatoa wati 300 kwa siku." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, dukani na kwa mafundi. Mwingine atasema "wati 300 kwa saa." Wa tatu, aliyekwisha kufunga sola yake juu ya bati, anapima mchana na kukuta wati 210, kisha anatangaza mtaani kwamba ameuziwa feki. Wote watatu wamekwama mahali pamoja: hawajui ile namba iliyobandikwa nyuma ya paneli inapima nini. Na watu wanatoa pesa za mavuno, za kikoba, za mkopo wa mshahara kwa kuitazama namba hiyo peke yake.

Maana yenyewe ni fupi. Wati ni kipimo cha kasi: jinsi nishati inavyotoka au inavyotumika sasa hivi. Wati moja ni jouli moja (kipimo cha kiasi cha nishati) kila sekunde. Namba ya kwenye paneli ni kasi ya juu ambayo paneli hiyo ilitoa ilipopimwa kiwandani katika hali maalumu, na ndiyo sababu mara nyingi huandikwa Wp, yaani wati za kilele. Basi. Mengine yote ni kuyafuatilia maneno mawili, kasi na kilele.

Tuanze na kasi. Jina la kipimo limetoka kwa James Watt, Mskoti aliyezaliwa Greenock mwaka 1736, fundi aliyeboresha injini ya mvuke. Wateja wake walizoea kuendesha mitambo kwa farasi, kwa hiyo ilimbidi awaeleze injini moja inashika nafasi ya farasi wangapi. Akaweka hesabu kwamba farasi anainua pauni 33,000 kwa futi moja kila dakika. Hizo ndizo nguvu za farasi tunazozisoma hadi leo kwenye pampu za maji na mashine za kusaga. Nguvu moja ya farasi ni wati 746 hivi. Mwaka 1882 William Siemens alipendekeza mbele ya wanasayansi wa Uingereza kwamba kipimo cha kasi ya nishati kipewe jina la Watt, na jina likashika.

Angalia hesabu ya Watt ilivyokaa: "kila dakika." Muda ulikuwamo ndani ya kipimo tangu mwanzo. Ndiyo maana "wati kwa saa" ni kosa, na si kosa la matamshi. Ni kuweka muda juu ya kitu ambacho tayari kina muda ndani yake. Hakuna anayesema kwamba kutoka Dar hadi Morogoro ni kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni mwendo wa gari, safari ni kitu kingine.

Najua kosa linakotoka. Linatoka kwenye alama ya kWh, ambayo wengi huisoma "kilowati kwa saa," kana kwamba kuna mstari wa kugawanya katikati. Hakuna. Hapo ni kuzidisha: kilowati mara saa. Na kitu hicho kila mwenye mita ya LUKU anakijua vizuri kwa jina lake la nyumbani, uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa nzima. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti moja. Taa ya wati 10 itaimaliza uniti hiyohiyo kwa saa 100. Pasi na taa zimetumia kiasi kilekile kwa kasi tofauti kabisa. Mama anayenunua umeme na kujua uniti tano zitamfikisha siku gani ameshaielewa tofauti hii bila mwalimu. Kinachoshangaza ni jinsi tunavyoisahau tukifika duka la sola, ambako kila kitu kinasemwa kwa wati na neno uniti halitajwi.

Sasa kilele, na hapa ndipo malalamiko ya "nimepigwa" yanapozaliwa.

Ili paneli za China, za Ujerumani na za India ziweze kulinganishwa, viwanda vilikubaliana kuzipima katika hali moja. Mwanga uwe wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Joto la seli zenyewe, vile vipande vya paneli vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, narudia, seli zenyewe na si hewa, liwe nyuzi 25. Na rangi za mwanga ziwe kama za jua lililopita kwenye tabaka la hewa mara moja na nusu ya unene wake, hali inayotokea jua linapokuwa limeinama kiasi cha nyuzi 48 kutoka utosini. Kiwango hicho cha mwanga kilipangwa kwa kutazama wastani wa majimbo ya Marekani bara, kwa paneli iliyoinamishwa nyuzi 37. Hakikupangwa kwa kutazama paa la Mbagala.

Namna ya kupima nayo inafaa kuijua. Kiwandani paneli huwekwa chini ya taa kali inayomulika kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kama mwako wa kamera. Katika muda huo vifaa vinasoma volti na ampea, namba inapatikana, kibandiko kinachapwa. Mwako unakuwa mfupi makusudi ili paneli isipate nafasi ya kupata joto. Kwa hiyo "wati 300" ni taarifa ya kweli kabisa juu ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndani ya chumba chenye ubaridi.

Halafu ipeleke Dar es Salaam mwezi Februari, saa saba mchana, ifungwe karibu kugusana na bati. Hewa ina nyuzi 32, lakini seli zinaweza kufika 60. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Nyuzi 35 za ziada zinakuondolea asilimia 12 hivi. Paneli ya 300 imebaki na 264 kabla hujahesabu vumbi, ukungu wa chumvi ya bahari, waya mwembamba na mrefu, na jua ambalo hata likionekana kali halijafika wati 1,000 kwa mita ya mraba. Ukikuta 210, paneli ni nzima. Watu wengi wanashtuka kusikia kwamba joto ni adui wa sola, maana tumezoea kuona jua na joto kuwa kitu kimoja. Paneli inataka mwanga, haitaki joto. Ndiyo maana paneli ileile ikipelekwa Njombe au Makete, siku ya anga safi yenye upepo wa baridi, inaweza kukaribia kabisa namba yake. Na ndiyo maana fundi mzuri huacha upenyo wa kupitisha hewa kati ya paneli na bati. Ukimwona fundi anaibana paneli kwenye bati ili ionekane nadhifu, mzuie.

Kuna upotevu mwingine ambao hauhusiani na jua hata kidogo, nao ndio unaoniuma zaidi kwa sababu unazuilika. Paneli kubwa za siku hizi, za wati 400 na zaidi, aghalabu hutoa volti 31 au zaidi zikiwa kazini. Mtu anainunua kwa kuvutiwa na wati, anaunganisha na betri moja ya volti 12 kupitia chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, ya bei nafuu, ile ya PWM. Kontrola hiyo haibadilishi volti. Inaishusha paneli ifuate betri. Paneli inayotoa ampea 13 itapeleka ampea 13 kwa volti 13 za betri, yaani wati 169. Amelipia 400. Hapo inatakiwa kontrola ya MPPT, ambayo hugeuza volti za ziada kuwa ampea, au paneli ndogo zenye volti 18 zilizotengenezwa kwa ajili ya betri ya 12. Kwa hiyo usiishie kwenye namba kubwa ya juu ya kibandiko. Chini yake pameandikwa Vmp na Imp, volti na ampea za paneli ikiwa kilele, na ukizizidisha lazima zikupe zile wati. Zisipokupa, rudisha paneli ya watu.

Feki zipo, sikatai. Ila hazitambuliwi kwa kulalamika kwamba 300 imetoa 210. Zinatambuliwa kwa futi ya kupimia. Mwanga wa kipimo ni wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri za madukani hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 ya mwanga huo kuwa umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba inatoa wati 200 na ushei. Paneli ya 300 haiwezi kuwa na eneo dogo sana kuliko mita 1.3 za mraba. Ukiona imebandikwa wati 300 na ina urefu wa mita moja kwa upana wa nusu mita, kibandiko kinasema uongo, hata kama risiti ina muhuri na dhamana ni ya miaka 25.

Sasa kutoka kasi kwenda kiasi, maana nyumba haiishi kwa kasi. Jua la siku nzima, kuanzia la asubuhi lililolala hadi la jioni, hukusanywa na kuhesabiwa kana kwamba lote lingekuwa kwenye kile kipimo cha 1,000. Sehemu kubwa ya Tanzania hupata kati ya saa 4 na 6 za jua kamili kwa siku. Kanda ya kati, Dodoma na Singida, huipita pwani. Mitelemko ya Kilimanjaro na Meru huzibwa na mawingu siku nyingi kuanzia Juni hadi Agosti, na mwenye nyumba huko afanye hesabu yake kwa miezi hiyo, asifanye kwa Januari.

Chukua paneli ya wati 200, saa 5 za jua kamili, ondoa asilimia 30 ya joto, vumbi, nyaya na betri. Unabaki na wati-saa 700, yaani uniti 0.7 kwa siku. Upande wa pili orodhesha matumizi. Taa tano za wati 7 kwa saa tano kila usiku ni 175. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano ni 250. Feni ya wati 50 kwa saa tano, 250 nyingine. Jumla 675, na simu zinajaza palipobaki. Nyumba hiyo imetosheka, ila kwa shida, na siku ya mvua itakopa kwenye betri. Ukiongeza friji inayokula uniti moja kwa siku, paneli ya 200 haiwezi, na hapa watu hukosea tena kwa kusema "friji yangu ni wati 100 tu, sola ni 200, itabeba." Kwa kasi, ndiyo, itabeba saa sita mchana. Kwa kiasi haibebi, kwa sababu friji inaendelea kuwaka na kuzima hadi alfajiri na paneli imelala tangu magharibi.

Kuhusu mwelekeo sina mengi: sisi tulio kusini mwa ikweta tunaigeuzia paneli kibla, kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, na mwinamo huo kwetu kazi yake kubwa ni kusaidia mvua kuosha vumbi.

Kwa hiyo yule muuzaji hana nia mbaya anaposema "wati 300 kwa siku," na simwiti mwongo. Amerithi lugha ya dukani. Mwombe tu kwa upole aiseme upya: wati 300 za kilele, bila "kwa" yoyote mbele yake. Kisha muulize kwa nyumba yako, kwa kontrola anayokuuzia na kwa mwezi wenye mawingu mengi mahali unapokaa, utarajie uniti ngapi kwa siku.