Bima ya paka: kabla ya bei ya mwezi, uliza kuhusu ugonjwa usiopona

Watu wakituuliza kuhusu bima ya paka swali la kwanza karibu siku zote ni moja, ipi ina bei nafuu kwa mwezi. Naelewa kabisa, kila mtu ana hesabu zake, ila kama daktari wa wanyama naomba hilo swali lisogee nyuma kidogo, maana bima mbili zinaweza kupishana bei kidogo tu, alafu paka akiumwa moja ikaendelea kulipa mpaka uzeeni na nyingine ikakwambia fungu lako limeisha. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye tangazo. Iko ndani ya mkataba, pale wanapoeleza watafanyaje ugonjwa ukigoma kuondoka.

Na paka jamani ndo mnyama wa magonjwa ya kudumu. Anayeishi ndani na kutunzwa vizuri anafika miaka 15 na zaidi, na kwenye huo uzee ndo figo zinaanza kuchoka taratibu, tezi ya thairoidi shingoni inafanya kazi kupita kiasi anakonda huku anakula vizuri tu, kisukari kinaingia hasa kwa walionenepa sana, meno nayo yanaanza kulika chini ya fizi. Figo na kisukari sio vitu vya kutibu wiki moja ukasahau, ni kupima damu kila baada ya miezi kadhaa, dawa kila siku, sindano ya insulini asubuhi na jioni, chakula maalum. Bili moja moja unaweza kuimudu, inayomaliza watu ni ile inayorudi kila mwezi kwa miaka.

Kwa hiyo ukishika mkataba tafuta kwanza hiki. Kuna bima ya ajali tu, paka akigongwa, akianguka kutoka juu, akimeza uzi, analipiwa, ila akiumwa figo hapati kitu. Kuna inayolipia ugonjwa kwa miezi 12 tangu dalili ya kwanza alafu ugonjwa huo unafungwa moja kwa moja. Kuna inayoweka kiasi fulani kwa kila ugonjwa, haina haraka ya muda lakini pesa ikiisha imeisha. Na kuna ile ambayo kikomo chake cha malipo kinajazwa upya kila mwaka unapolipia tena, ugonjwa uleule wa mwaka jana unaendelea kulipiwa mwaka huu, na hii ndo ningemshauri mtu mwenye paka mdogo kama mfuko unaruhusu, hata ikibidi achague yenye kikomo cha chini kidogo. Hiyo ya miezi 12 inawachanganya wengi kwasababu mkataba wenyewe unaendelea, wewe unaendelea kulipa kila mwezi, ila ule ugonjwa uliokusumbua haumo tena.

Hebu tuone kwa tatizo moja, paka dume kuziba mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, inazibwa na mchanga mchanga, kamasi au hata kukaza kwa misuli tu. Utamuona anaingia kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, hakitoki kitu, anatoka anajilamba, anarudi tena, wengine wanalia. Wenye paka wengi wanadhani amefunga choo. Akikaa hivo siku moja au mbili potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unavurugika, anaweza kufa, kwa hiyo ukiona hiyo dalili hata saa nane usiku nenda, usisubiri kukuche. Hospitalini anapewa dawa ya usingizi, anawekewa mpira wa mkojo, dripu, damu inapimwa, analazwa siku kadhaa. Alafu wengine wanaziba tena baada ya wiki au miezi, na wanaozibaziba mara kwa mara wanafanyiwa upasuaji wa kupanua njia. Sasa weka hilo kwenye mkataba wa miezi 12. Kaziba Januari, kalipiwa vizuri, umefurahi. Akiziba tena Machi ya mwaka unaofuata wanahesabu ni tatizo lilelile, muda wake umeshapita, bili yote ni yako.

Kitu cha pili ni faili la kliniki. Kampuni karibu zote hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, na neno kuwepo hapo halimaanishi lazima daktari awe ameupa jina. Dalili inatosha. Ukileta dai kubwa la kwanza wanaomba faili zima la paka, wanasoma kila mstari, na kama mwaka juzi ulimpeleka kuchanja ukasema tu kwa kupita siku hizi anakunywa maji mengi na daktari akaandika, leo akikutwa na kisukari au figo huo mstari unaweza kutumika kukunyima malipo. Sikwambii umfiche daktari kitu, usifanye hivo kabisa, paka ndo ataumia. Ninachosema ni kata bima mapema, paka akiwa mdogo na faili likiwa jeupe. Kama tayari ana historia, omba nakala ya faili uisome mwenyewe kwanza, alafu waandikie kampuni uwaulize kwa huyu paka wangu ni nini hamtalipia, na jibu lao liwe kwa maandishi. Baadhi wanakubali tatizo lililopona kabisa kama umepita muda fulani bila dalili, ila kwa magonjwa ya kudumu kama kisukari usitegemee.

Kipindi cha kusubiri nacho kipo, mara nyingi ajali ni siku chache na magonjwa kama wiki mbili, na kitakachoanza ndani ya hizo siku kinahesabiwa kilikuwepo. Usikate bima ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Kwenye hesabu za malipo kuna maneno mawili yanayotakiwa kusomwa pamoja, kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza, na asilimia wanayokurudishia. Tuseme bili ni 1,000, unabeba 200, na wao wanalipa asilimia 80. Wakitoa kwanza 200 yako inabaki 800, asilimia 80 yake ni 640. Wakipiga asilimia kwanza ni 800, wakitoa 200 unapata 600. Maneno ni yaleyale ila pesa sio ileile, kwa hiyo uliza wanaanza na kipi. Uliza pia hiyo 200 ni mara moja kwa mwaka au kwa kila ugonjwa mpya, maana paka mzee anaweza kuwa na matatu kwa mpigo. Na muhimu zaidi, je wanailipa kliniki moja kwa moja au unatoa wewe kwanza ndo unarudishiwa? Wengi ni hiyo ya pili, kwa hiyo hata ukiwa na bima bado unahitaji akiba ya kuanzia.

Kwa wenye paka wa mbari maalum angalieni pia magonjwa ya kurithi. Persian ana shida ya vifuko vya maji kwenye figo, Maine Coon na Ragdoll ukuta wa moyo kunenepa, Scottish Fold maumivu ya viungo yanayotokana na gegedu ileile iliyomkunja masikio. Kama mkataba unaruka magonjwa ya kurithi, kwa paka hawa umelipia kitu kisicho na maana.

Meno wengi wanalipia yakivunjika kwa ajali tu, ugonjwa wa fizi hapana, au wanadai ushahidi kwamba anakaguliwa kila mwaka. Chanjo ni hivohivo, ukiziacha na paka akapata ugonjwa unaokingwa na chanjo, hawalipi. Vile vifurushi vya nyongeza vya chanjo na dawa za viroboto mimi huwa sivipendekezi sana, ni gharama unayoijua kabla, jumlisha mwenyewe uone kama unaokoa chochote.

Wengine wanauliza si bora niweke akiba tu. Kama tayari unayo ya kutosha kulaza paka wiki nzima na upasuaji juu yake, na hutaigusa kwa jambo lingine, sawa kabisa. Shida ni akiba ya miezi mitatu kukutana na bili ya usiku mmoja.

Na mwenye paka wa miaka 11 au 12 usikate tamaa ila uliza mapema, kampuni nyingine hazipokei paka mpya wa umri huo, nyingine zinapokea ajali tu, na bei inapanda kila mwaka. Kama unayo bima tayari na paka ameshaanza matibabu usihame kufuata bei, kampuni mpya itauita huo ugonjwa wa zamani na hutalipiwa tena.