Kwa Nini Mkataba Mmoja wa Mazingira Hufaulu na Mwingine Hukwama

Hakuna serikali inayokana kwamba hewa na bahari ni za wote. Ugumu huanza kwenye kugawana gharama. Nchi inayofunga mitambo ya makaa ya mawe hubeba mzigo leo, mbele ya wafanyakazi na wapigakura wake, ilhali nafuu huenea dunia nzima, hata kwa nchi ambayo haikupunguza chochote. Basi kila mmoja humsubiri mwenzake aanze.

Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilikwama hapo. Iliziwekea nchi tajiri viwango vya kupunguza gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, lakini si nchi zinazoendelea, China ikiwemo. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki, maana sehemu kubwa ya gesi iliyokwisha kurundikana angani ilitoka kwa waliotangulia kujenga viwanda. Hata hivyo, Seneti ya Marekani ilikuwa imeshapiga kura 95 kwa 0 kupinga mkataba wa namna hiyo, na Marekani haikuuridhia kamwe. Desemba 2011 Kanada ikatangaza kujitoa. Hakuna aliyeadhibiwa.

Itifaki ya Montreal ya 1987, inayolinda tabaka la ozoni, ngao ya angani dhidi ya miale hatari ya jua, imeridhiwa na wanachama wote wa Umoja wa Mataifa. Ni kweli kwamba wazalishaji wa kemikali zinazoharibu ozoni walikuwa wachache na mbadala ulipatikana. Lakini kwa maoni yangu, nguvu yake kubwa imo katika vifungu vyake. Wanachama walizuiwa kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi zilizobaki nje, kwa hiyo kubaki nje kukawa hasara. Nchi zinazoendelea ziliongezewa miaka 10 ya kujiandaa, na mwaka 1990 ikaamuliwa kuundwa mfuko wa kuzilipia gharama za kubadili teknolojia. Anayedai haki na anayeogopa ushindani, wote wawili walijibiwa.

Mkataba wa Paris wa 2015, kuhusu mabadiliko ya tabianchi, uliiachia kila nchi ijipangie lengo lake. Ndiyo maana karibu nchi zote zilijiunga, na ndiyo maana hauna meno. Tena imani imepungua: dola bilioni 100 kwa mwaka za kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambazo nchi tajiri ziliahidi kuzifikia ifikapo 2020, kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, zilitimia 2022.

Mazungumzo ya mkataba wa plastiki, yaliyoidhinishwa Nairobi Machi 2022, yalivunjika bila muafaka huko Busan mwaka 2024, kisha Geneva Agosti 2025. Huko Busan zaidi ya nchi 100 zilitaka uzalishaji wenyewe udhibitiwe. Baadhi ya wazalishaji wa mafuta walishikilia kwamba suala ni taka tu. Kwa kuwa maamuzi yanasubiri kila mjumbe akubali, wachache walitosha kuzuia. Nchi hizo zaidi ya 100 zinaweza kuanza zenyewe, zikiweka masharti ya biashara kama yale ya Montreal na fedha za kuwasaidia wanaochelewa. Wanaokataa sasa watalazimika kupiga hesabu upya.