Mabaki ya supanova hayajatulia

Dhana: Nyota ikishalipuka hubaki wingu lililokaa tu, ukilipiga picha moja umemaliza.

Ukweli: Wingu hilo linakimbia. Nebula ya Kaa ni mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona mwaka 1054 iking'aa hata mchana kwa siku 23. Mpaka leo gesi yake inatawanyika kwa takriban kilomita 1,500 kwa sekunde. Piga hesabu: kwa siku ni kilomita milioni 130 hivi, karibu umbali wa kutoka duniani hadi kwenye jua. Lakini iko mbali nasi miaka ya nuru 6,500, kwa hiyo mbio zote hizo huonekana kama imesogea unywele tu. Ndiyo maana wanaanga hupiga picha, wakangoja miaka, wakapiga tena, kisha wakazilinganisha.

Mimi huvutiwa zaidi na SN 1987A, nyota nyingine iliyolipuka. Mwanga wa mlipuko wake ulitufikia Februari 1987, na darubini ya angani ya Hubble ikarushwa 1990, mabaki yakiwa bado machanga. Nyota hiyo ilikuwa imezungukwa na pete ya gesi iliyoitema miaka kama 20,000 kabla ya kufa. Katikati ya miaka ya 1990 doa moja likaanza kung'aa kwenye pete. Likafuata jingine, na jingine, mpaka pete nzima ikawa kama mkufu wa shanga. Wimbi la mlipuko lilikuwa limeifikia.

Dhana: Wingu la mabaki linang'aa kwa sababu bado linawaka moto.

Ukweli: Hakuna kinachoungua. Gesi inayokwenda kasi huigonga iliyo mbele yake, ikapata joto la nyuzi mamilioni na kutoa eksirei. Angahewa letu huzizuia (bahati yetu!), hivyo Chandra, darubini ya eksirei, ilibidi ipelekwe nje yake mwaka 1999. Si kwamba darubini hupandishwa ili ikaribie nyota. Hubble yenyewe iko juu yetu kwa mamia machache tu ya kilomita.

Dhana: Rangi za picha za mabaki hayo zimetiwa chumvi.

Ukweli: Eksirei hazionekani kwa macho, kwa hiyo rangi huchaguliwa na watu, hilo kweli. Ila kila elementi hutoa eksirei za nishati yake. Katika picha moja ya Chandra ya Cassiopeia A, mabaki ya nyota nyingine iliyolipuka, silikoni ni nyekundu, salfa manjano, kalsiamu kijani, chuma zambarau. Chuma hutengenezwa ndani kabisa ya nyota, silikoni juu yake. Sasa tazama upande wa kusini-mashariki wa wingu hilo: chuma kimeipita silikoni, kiko nje.