Ukaguzi wa magari binafsi Texas: kilichofutwa na kilichobaki

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mwenye gari binafsi Texas halazimiki tena kulipitisha kwenye ukaguzi wa usalama kila mwaka kabla ya kulipia usajili. Sheria iliyoleta mabadiliko hayo ni House Bill 3297, iliyopitishwa na bunge la jimbo mwaka 2023. Malalamiko ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Houston, Dallas na Austin yanaonyesha kuwa wengi walisikia "ukaguzi umefutwa" na hawakusikia yaliyofuata.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Ukilipia usajili utaona dola 7.50 za ziada, na watu wanauliza: ukaguzi haupo, hizi ni za nini? Pesa hizi si mpya. Ukaguzi wa mwaka mmoja uligharimu dola 14.50, yaani 7 za kituo cha ukaguzi na 7.50 za jimbo. Za kituo zimeondoka, za jimbo zimebaki na sasa zinakusanywa pamoja na usajili. Gari jipya la modeli ya mwaka huu au uliotangulia, linalosajiliwa kwa mara ya kwanza, hulipiwa dola 16.75 kwa miaka miwili. Karani wa ofisi ya kodi ya kaunti hana mamlaka ya kukusamehe, kwa hiyo kubishana naye hakusaidii.

Pili, kipimo cha moshi hakijafutwa. Kinadaiwa katika kaunti 17: Brazoria, Fort Bend, Galveston, Harris, Montgomery, Collin, Dallas, Denton, Ellis, Johnson, Kaufman, Parker, Rockwall, Tarrant, Travis, Williamson na El Paso. Kaunti ya Bexar, yaani San Antonio, iliwekwa kwenye mpango wa kuanzia Novemba 2026. Kipimo kinahusu magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24. Ya dizeli, ya umeme na pikipiki hayamo. Kufutwa kwa ukaguzi wa usalama hakuhusu magari ya biashara: hayo yanaendelea kukaguliwa usalama katika kila kaunti.

Pima moshi ndani ya siku 90 kabla ya usajili kuisha. Taa ya injini ikiwaka, gari litaanguka kipimo, na hapa watu wanajidanganya kila siku. Fundi anafuta kumbukumbu ya kompyuta au anachomoa betri, taa inazimika, gari linapelekwa kituoni saa hiyo hiyo. Mashine inasoma kwamba kompyuta haijamaliza kujipima upya, na gari linarudishwa. Tengeneza kwanza kilichowasha taa, kisha liendeshe siku kadhaa, mjini na barabara kuu, ndipo urudi. Gari likianguka, kituo kilekile hupima tena bila malipo ndani ya siku 15. Tunza risiti.

Sasa lile lenye uzito zaidi. Kilichofutwa ni safari ya kwenda kituoni kwa ukaguzi wa usalama. Sura ya 547 ya sheria ya usafiri ya Texas, inayotaja breki, taa, wipa, honi, vioo na mengine, ipo kama ilivyokuwa, na polisi anaweza kukusimamisha kwa taa moja ya breki isiyowaka. Anayesema polisi hawana haki hiyo tena anawapotosha wenzake. Faini ni hadi dola 200 kabla ya gharama za mahakama. Ukirekebisha kasoro kabla ya siku yako ya kwanza mahakamani, mahakama inaweza kufuta shtaka kwa ada isiyozidi dola 10. Nenda na risiti ya gereji. Usajili ulioisha una utaratibu wake: una siku 5 za kazi kabla ya kuandikiwa kosa. Ukishaandikiwa, lipia usajili ndani ya siku 20 za kazi au kabla ya kufika mahakamani mara ya kwanza, lolote litakalochelewa, na shtaka linaweza kufutwa kwa ada isiyozidi dola 20. Kukaa kimya bila kufika mahakamani ndiko kunakoleta hati ya kukamatwa.

Kwa kuwa hakuna mkaguzi, tairi ni lako. Kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, zikibaki na kina cha inchi 2/32, kama milimita 1.6, tairi limekwisha. Chomeka sarafu ya senti moja katikati ya kashata, kichwa cha Lincoln kikiangalia chini: ukiona nywele zake zote, badilisha. Pima ndani, katikati na nje, maana tairi lililoliwa upande mmoja linakuambia kuwa gari linahitaji kupangwa magurudumu, na jipya litaliwa vilevile. Upepo upime asubuhi kabla ya kuendesha, kwa namba iliyo kwenye stika ya mlango wa dereva, sio ile ya ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kiwango cha juu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata moto na ngozi yake huachana ukiwa kasi, na lami ya Agosti huko Texas inaharakisha jambo hilo. Angalia pia umri wa tairi kwenye tarakimu nne za mwisho za maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Breki zikipiga filimbi, kipande cha chuma cha tahadhari kimeanza kugusa diski. Zikikwaruza, pedi zimekwisha na diski inaharibika. Mafuta ya breki yakipungua, usijaze tu. Mara nyingi yameshuka kwa sababu pedi zimelika, na ukiyajaza unaficha dalili. Taa za nyuma zikague peke yako usiku: rudisha gari karibu na ukuta, kanyaga breki, uangalie mwanga kwenye vioo. Usisahau taa ya namba.

Anayenunua gari lililotumika kwa mtu binafsi asitegemee tena karatasi ya ukaguzi wa usalama. Lipa fundi aliyechaguliwa na wewe, sio na muuzaji, alinyanyue gari kwa jeki na kutikisa magurudumu. Kabla ya kutoa pesa, ingiza VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari yenye herufi na tarakimu 17, iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali kuu ya Marekani ya usalama barabarani. Itakuonyesha kama gari limeitwa kiwandani kwa kasoro isiyorekebishwa, mfano mifuko ya hewa ya Takata. Kwa magari yasiyozidi miaka 15, matengenezo hayo hufanywa bure kwa wakala wa kampuni, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.