Je, wajua kwa nini jua la Januari halifanyi udongo wa mche upumue zaidi?

Udongo unapumua, hilo ni kweli kabisa. Mizizi inatumia sukari, vijidudu vinakula mboji, wote wanatoa kaboni dayoksaidi, ile ile inayotoka puani mwako. Mimi kwa miaka nimewaambia watu hapa Njoro ati jua likichoma ndio udongo unapumua sana, na ushahidi wangu ulikuwa huu: mwagia maji mche wa mukima (ule mti wa grevillea) kwa karatasi yake ya nailoni saa nane mchana, udongo umekauka mpaka umeachana na karatasi pembeni, utaona viputo vinatoka vingi, nikawa nasema hiyo ndio pumzi yenyewe.

Sio. Viputo vile ni hewa tu iliyokuwa imekaa kwa matundu ya udongo, maji yakiingia inasukumwa nje, hata tofali kavu ukilizamisha kwa ndoo litatoa viputo na tofali halili kitu.

Na hilo la jua nalo nilikosea. Joto kweli linaharakisha, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha ukiongezewa nyuzi 10 mara nyingi pumzi yake inakaribia maradufu, lakini huo unyevu ndio sikuwa nauangalia. Fikiria ugali: maji yakiwa kwa sufuria, ukiongeza kuni unaiva haraka, lakini sufuria ikiwa na unga mkavu hata uchome gunia zima la makaa hupati ugali, unaunguza unga. Vijidudu vinaishi ndani ya utando mwembamba sana wa maji ulioshika chembe za udongo, na chakula kinayeyuka humo ndio kivifikie. Utando ukikatika, chakula kiko karibu kabisa na hakifikiki, basi vingine vinakufa, vingine vinalala. Na joto lenyewe ndilo linalokausha, kwa hivyo digrii zile zile zinazoharakisha mwezi wa tano zinanyamazisha mwezi wa kwanza.

Mche nao ukikosa maji unafunga vitundu vya majani, sukari inapungua, mizizi na vijidudu vinavyoitegemea vinashinda njaa. Huko Sweden watafiti walibandua pete ya gome kwa misonobari ili sukari isishuke, matokeo yakachapishwa 2001: pumzi ya udongo ilishuka karibu nusu. Lakini ile ni miti mikubwa, usichukue nusu hiyo ukaipa mche wenye mizizi ya kujaa kiganja. Halafu majaribio mengi ya miche hufanywa kwa vyungu, na kwa chungu mzizi hauna pa kushuka kutafuta maji, kwa hivyo matokeo yake nayo usiyapeleke shambani moja kwa moja.

Sasa ngoja mvua ya kwanza, hapo ndio patamu. Udongo uliokaa kimya wiki nyingi ukilowa unatoa kaboni kwa kishindo, kwa siku chache unapumua hata kuliko ule ambao haukukauka. Wanasayansi wanaiita athari ya Birch, na huyo H. F. Birch aliichunguza hapa hapa Kenya, Muguga, akaandika 1958. Vijidudu vilivyokufa vinakuwa chakula cha vilivyobaki, na madonge yakipasuka mboji iliyofungiwa ndani inafikika. Naitrojeni inatoka pamoja na hiyo kaboni, halafu mvua ikizidi inaoshwa chini, ndio maana siku hizi mashimo nayachimba kungali kukavu, mche uingie wiki ile ile mvua inashika.