Ramani Kabla ya Sepetu: Kulinda Mabaki ya Kale katika Ardhi ya Mazoezi ya Kijeshi

Msafiri anayetoka Gilgil kuelekea mjini Nakuru, nchini Kenya, hupita, katika mwendo mfupi tu wa gari, karibu na kambi za jeshi na pia karibu na maeneo ya kale yanayojulikana kote duniani na watafiti wa historia ya binadamu. Kariandusi, yalikopatikana mashoka ya mawe yaliyotengenezwa karibu miaka milioni moja iliyopita, iko kando ya barabara hiyo. Hyrax Hill, iliyowekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka wa 1943, ni jirani na Lanet, kilipo chuo cha kuwafunza maofisa wa jeshi.

Ujirani wa aina hii una sababu zake. Ardhi inayomfaa askari, yaani kilima kinachotazama bonde lote, mwamba wa kujikinga na maji yasiyo mbali, ndiyo iliyowafaa pia watu wa kale. Juu ya Hyrax Hill kuna masalio ya boma la mawe, na kwenye miteremko yake kuna mabonyeo ya mviringo yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa, jamii ya wafugaji wa zamani, ambayo kwa maelezo ya wanaakiolojia yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa kidogo ardhini. Dereva wa gari la deraya akiona bonyeo kama hilo katika uwanja wa mazoezi ataliona kuwa maficho yaliyo tayari, naye hatakuwa na kosa, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kuisoma ardhi. Kwa maoni yangu, madhara mengi hayatokani na dharau ya wanajeshi. Yanatokana na zoezi kupangwa kwa ramani isiyoonyesha kilichozikwa chini.

Kinachopotea si vitu peke yake. Kipande cha obsidiani, lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambacho mchungaji wa Elmenteita hukikanyaga bila kukitupia jicho, hakina mengi ya kusema kikiwa mfukoni mwa mtu. Kikiachwa mahali pake, katika tabaka moja na majivu, mifupa ya mbuzi na vigae vya vyungu, huweza kueleza nani aliishi hapo, alikula nini na katika kipindi gani. Katika makaburi ya wafugaji wa kale yaliyofukuliwa Hyrax Hill, wanawake walikutwa wamezikwa pamoja na vyombo vya mawe, ilhali wanaume hawakuwekewa. Tofauti hiyo ilijulikana kwa kuwa kila chombo kilikuwa bado kando ya mwenyewe. Handaki la kina cha mita moja, ambalo kikosi hulichimba katika muda mfupi, lingechanganya yote hayo, na hakuna utaalamu wa kuyapanga upya.

Mfano unaotajwa sana ni wa Babeli nchini Iraki, ambako majeshi ya kigeni yaliweka kambi mwaka wa 2003 na 2004 ndani ya magofu yenyewe. Mahandaki yalichimbwa, magari mazito yalivunja matofali ya barabara ya kale ya maandamano, na mifuko ya kujikinga ilijazwa udongo uliokuwa na vigae na mifupa ndani yake. Kokoto nazo zililetwa kutoka nje na kumwagwa juu ya eneo hilo, jambo linaloonekana dogo, lakini huchafua ushahidi kwa mtafiti wa kesho.

Hata hivyo, si haki kuliona jeshi kama adui wa turathi. Salisbury Plain nchini Uingereza, uwanja mkubwa wa mazoezi wa nchi hiyo, una mabaki ya kale zaidi ya 2,000, na mengi yamesalia kwa sababu plau na majengo hayakuruhusiwa kufika huko. Wizara ya ulinzi imeajiri wanaakiolojia wake, maeneo nyeti yamewekewa alama, na tangu mwaka wa 2011 wanajeshi waliojeruhiwa vitani wamekuwa wakishiriki ufukuaji kama sehemu ya kupata nafuu.

Kwetu, msingi wa kazi upo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inamtaka yeyote anayegundua mabaki ya kale kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali na mazingira ya ugunduzi. Kinachohitajika ni upimaji wa ardhi kabla ya zoezi, na ramani yake imfikie ofisa mdogo anayeamua handaki lichimbwe wapi, badala ya kubaki kwenye faili makao makuu. Alama uwanjani ziseme tu kwamba ni marufuku kuchimba au kupitisha magari. Zikitangaza kilichomo, wezi wa mabaki watafika kabla ya walinzi.

Wananchi wanaolisha mifugo jirani na viwanja hivi mara nyingi ndio wa kwanza kuona mfupa au kigae kilichofichuliwa na mvua. Wasikiokote wala kukichimbua. Wakipige picha kwa simu kikiwa kimelala pale pale, waandike mahali, kisha wapeleke habari kwa chifu au katika makavazi ya karibu. Kitu chochote cha chuma wasichokitambua wasikikaribie wala kukigusa, wawaite polisi, kwa maana kombora lisilolipuka halitofautiani sana na kipande cha bomba kikishapata kutu.